Kumwandama anayepakua au kufunga tovuti?

Katika kupambana na wanaopakua filamu na muziki bila idhini mtandaoni, Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2009, iliamua kumfuata mtumiaji mwenyewe. Mamlaka iliyoitwa Hadopi ilipelekewa anwani za IP (namba zinazotambulisha laini ya intaneti) zilizonaswa zikigawana filamu na muziki kinyume cha sheria. Mwenye laini alipata onyo kwa barua pepe. Kosa likirudiwa ndani ya miezi 6, barua ya rejista. Likirudiwa tena, jalada liliweza kufika kwa mwendesha mashtaka, na faini ilifika hadi euro 1,500. Hapo ndipo ninapokwazika. Anayebanwa ni mwenye mkataba wa intaneti, kwa kutoilinda laini yake, hata kama aliyepakua ni mwanawe au mgeni aliyepewa nywila ya waifai. Adhabu ya kukatiwa intaneti ilikuwa mbaya zaidi: Juni 2009 Baraza la Katiba lilikataa itolewe bila mahakama, na mwaka 2013 ikaondolewa.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Aprili 2012 Mahakama Kuu jijini London iliamuru kampuni kubwa za intaneti ziwazuie wateja wao kuifikia The Pirate Bay, tovuti ya kugawana filamu na muziki bila idhini. Ni kweli, VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano kwingine na kuficha mtumiaji alipo, hukwepa kizuizi hicho, na tovuti pacha huibuka kila uchao. Hata hivyo naiona njia hii ni ya haki zaidi. Msanii anastahili jasho lake, na hapa anayeguswa kwanza ni anayechuma pesa za matangazo kwa kazi ya wengine, tena kwa amri ya jaji.