Kitalu au mbegu moja kwa moja: mboga za msimu wa baridi penye joto

Kwa kabichi, brokoli na koliflawa nachagua kitalu bila kusita. Msimu wa joto unapoisha udongo bado una moto. Miche ikianzia kivulini hupata wiki 4 hadi 6 za kukua huku bustani ikipoa. Saladi ndiyo inayofaidi zaidi, maana aina zake nyingi hukataa kuota udongo ukipita nyuzi joto 30 hivi, hata umwagilie vipi.

Karoti ni kinyume kabisa. Ukiihamisha, mzizi huumia na kugawanyika, kwa hiyo sia mbegu palepale, joto likishapungua. Figili vilevile.

Kitalu kinadai maji kila siku, ni kazi kweli. Lakini kabichi iliyochelewa hukutwa na joto linalorudi kabla haijafunga kichwa.