Jiko la mkaa la kuchukua pwani: lililohimili chumvi na upepo

Kwa anayepika pwani hapa Unguja, kitu cha mwanzo cha kutazama kwenye jiko la kubeba ni chuma chake. Sura na rangi zije baadaye, maana hewa yetu ina chumvi na bati jembamba halidumu. Nimeshapikia majiko ya namna tatu, katika pwani za Mangapwani, Fumba na Bwejuu, na nina langu nililolichagua.

Lile la kukunja kama mkoba, linaloletwa kutoka nje, ni jepesi kweli. Unapanda nalo daladala bila ya kumsumbua mtu, na ukifika unalikunjua mara moja. Lakini mkaa ukishika sawasawa sakafu yake inapinda, na msimu mmoja wa kusi ulitosha kuzishika kutu bawaba zake. Hayo ningeyavumilia. Nisichokivumilia ni kwamba wavu wake hauinuki wala haushuki. Anayechoma soseji hataona tabu. Mpishi wa samaki wa kupaka ataiona.

Maana huyo samaki wa kupaka ndiye mtihani wa jiko. Samaki aina ya changu unambanika kwanza mpaka ngozi ikauke na nyama ishikane, ndipo unaanza kumpaka tui zito lililopikwa na ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili. Tui lina mafuta. Kila tone likidondokea mkaani moto unaruka, na kama wavu uko chini huna pa kumkimbizia samaki wako: nje keshakuwa mweusi, na kwenye mwiba bado mbichi. Wakati wa kupaka wavu unatakiwa upande juu, umpake taratibu, umgeuze, umpake tena, rangi ije kidogo kidogo. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hauharakishwi.

La gesi analo shemeji yangu, kichomeo kilichokaa juu ya mtungi wa kilo 6. Kwa chai na wali sina neno nalo. Lakini Bwejuu wakati wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja, moto unalala upande na sufuria haichemki. Na tahadharini, msije mkalizungushia mabati pande zote kuzuia upepo, kwa sababu joto linarudi kwenye mtungi, na hiyo ni hatari kubwa.

Langu nimetengenezewa na fundi wa kuchomelea mjini. Ni sanduku la chuma cha milimita 3, miguu ya kuchomoka, matundu ya hewa chini yenye kifuniko cha kusogeza, na ndani ngazi tatu za kuegesha wavu. Sharti nililompa ni moja tu: asitumie mabati ya kuezekea. Yale yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaoumiza watu. Mkaa uliopepewa unafika joto hilo bila ya shida. Upande wa upepo ukuta wake umeinuliwa, kwa hivyo hata Bwejuu mkaa hauishi upesi. Uzito wake ni mkubwa, siwezi kusema vyengine. Asiye na gari, au asiye na kijana wa kumsaidia kubeba, atalichoka mapema, na huyo namshauri lile la kukunja, ila atafute lenye sakafu nene.

Kutu linaipata pia, ila ni ya juu juu. Nikirudi nyumbani namwaga majivu yote, kwa sababu majivu yakiloa yanakula chuma, kisha nalipangusa kwa mafuta ya kupikia lingali na uvuguvugu.

Vifaa vya kufuatana nalo si vingi. Wavu wa kubana samaki wenye mpini mrefu ni wa lazima, kwani changu ukimgeuza kwa kijiko ngozi inabaki jikoni. Vyuma vya mishkaki tafuta vilivyo bapa. Vya mviringo unageuza chuma na nyama inabaki palepale. Koleo refu, na kipepeo cha ukili, ambacho sijaona cha dukani kinachokishinda. Brashi sinunui. Napondaponda ncha ya bua la mchaichai, na samaki anapata harufu yake.

Mafuta ya taa ya kuwashia hayana nafasi kwangu, harufu inaingia kwenye chakula. Nachukua kopo kubwa la maziwa ya unga, nalitoboa chini na ubavuni, naweka makumbi makavu chini na mkaa juu. Vifuu navyo vina moto mzuri sana ila hauchelewi kuisha. Vizuri kwa kuanzia, au kwa mishkaki myembamba.

Kuzima ndiko watu wanakokufanyia wepesi. Mkaa unafukiwa mchangani, watu wanaondoka, nao chini unabaki na moto kwa muda mrefu, na watoto wetu pwani wanakimbia miguu mitupu. Mimi nachukua ndoo ya bati yenye maji, naudumbukiza mkaa kidogo kidogo kwa koleo, na ndoo narudi nayo nyumbani.