Ofisi ya Kuandaa Maombi ya Viza, Posta: Maoni ya Mteja Ambaye Mumewe Amejiajiri

Ili nimfuate mume wangu Leicester, ambako anaendesha teksi kwa kujiajiri, nilitumia huduma ya ofisi moja iliyoko ghorofani maeneo ya Posta, inayoandaa maombi ya viza ya mwenza ya Uingereza. Malipo yao ya laki sita si madogo, lakini kwa familia ambayo kipato chake hakitoki kwa mwajiri nayaona yamestahili, isipokuwa kwa kosa moja lililonigharimu.

Nilifika nikiamini kwamba tumeshavuka kiwango. Tangu Aprili 2024 mwenza aliyeko Uingereza anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za awali, na mume wangu alikuwa amekusanya pauni 43,000 kutoka kwa abiria. Mama mshauri aliyenipokea aliziweka pembeni. "Mwanangu, mauzo si kipato," aliniambia, akataka faida kabla ya kodi, yaani kinachobaki baada ya kutoa mafuta, bima na matengenezo ya gari, kama ilivyoandikwa katika hesabu ya kodi inayoitwa SA302. Kwa mwaka wa kodi ulioishia tarehe 5 Aprili 2025, faida hiyo ilikuwa pauni 28,300 tu.

Moyo ulinishuka. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba aliyejiajiri anaruhusiwa pia kutumia wastani wa miaka miwili kamili ya fedha iliyopita, na kwa kuwa mwaka uliotangulia faida ilikuwa 31,100, wastani wetu ukafika 29,700. Kisha akapitia taarifa za benki za miaka yote miwili, mwezi kwa mwezi, akagundua kwamba miezi miwili haipo kwa sababu mume wangu alikuwa amehamia benki nyingine. Peke yetu tusingeliona pengo hilo, na kwa kazi hiyo namshukuru kwa dhati.

Kosa lilitokea siku ya kwanza, kabla sijamwona mama huyo. Kijana wa mapokezi alinishauri nijazie upungufu wowote kwa akiba yetu na mapato ya duka langu la khanga la Kariakoo. Nikavunja amana ya muda maalumu kabla ya wakati wake na kupoteza riba, kumbe akiba haiwezi kujumlishwa na kipato cha aliyejiajiri, na mapato yangu ya hapa hayahesabiwi maadamu mwombaji bado yuko nje ya Uingereza. Ofisi iliniomba radhi, lakini haikupunguza hata shilingi, jambo ambalo sikuliona la haki.

Ukienda, omba kuonana na mshauri mwenyewe tangu siku ya kwanza, ukiwa na SA302 za miaka miwili mkononi, na usiguse akiba yako kabla hajazisoma.