Wodi ya akina mama usiku wa manane: nyota 4 kwa hospitali, kliniki ya kwanza hata moja siwapi

Nianze na msimamo wangu mtu asije akanisoma vibaya, mimi kutoa mimba sikubaliani nako. Nimelelewa hivyo, na mwanangu wa kwanza nilipousikia moyo wake kwenye mashine tumbo hata halijaonekana, imani ikakaza zaidi. Mashehe wanatofautiana kuhusu kabla ya siku 120, yaani kabla roho haijapulizwa, baada ya hapo ni mpaka maisha ya mama yawe hatarini, ila mimi hata hizo siku za mwanzo moyo wangu hautulii. Sasa niwaambie yaliyotukuta.

Mdogo wangu alianza kutoka damu saa nne usiku, mimba ya kama wiki 11, na mimi hata sikujua kama ana mimba. Leso ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, midomo imeshakuwa myeupe, tukaita tuktuk mbio mpaka kliniki moja ya watu binafsi karibu na nyumbani. Kijana wa risepsheni akamuuliza mbele ya watu wote, "Umetoa?" Mtu kusimama hawezi, atajibu nini? Akasema bila dipoziti ya shilingi 10,000 na barua ya polisi hawamgusi. Damu inadondoka sakafuni na yeye yuaangalia simu.

Wallahi niliumia. Halafu haki hiyo hana kabisa, Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, hakuna palipoandikwa isipokuwa damu ya mimba. Hata kifungu cha 26 kinachokataza kutoa mimba kimeacha nafasi ya dharura na pale maisha au afya ya mama iko hatarini, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyesomea. Najua watu waogopa ile Kanuni ya Adhabu, miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, lakini kumzuilia damu mtu ambaye mimba yake ishaharibika ni kosa gani jamani?

Tukafika hospitali ya serikali inakaribia saa sita. Sista wa zamu, mtu mzima kiasi, kavaa sweta ya kijani juu ya yunifomu, aliuliza jina, damu imeanza saa ngapi na kama ana aleji ya dawa, basi. Mimi nikaanza kujitetea, sista mimi sijui huyu amefanya nini, akanikata, "Mama, tuzuie damu kwanza." Dripu mkono huu, damu ya kupima mkono ule, presha 80 kwa 50, yaani iko chini sana. Daktari akaja akamchoma ganzi akamsafisha kwa ile pampu ya mkono, chumba cha upasuaji hata hakuingia, kama dakika 10 hivi wakawa wamemaliza, na muda wote sista kamshika mkono amwambia kila kitu kabla hakijafanywa, sasa itauma kama hedhi, haya vuta pumzi. Baadaye akamletea leso kavu, sijui aliitoa wapi saa zile.

Nyota moja nimeikata kwa sababu walimlaza chumba kimoja na waliojifungua. Kitanda cha pili mtoto alia usiku kucha na mdogo wangu kageukia ukutani, hilo jamani litafutieni chumba hata kidogo. Antibayotiki pia tulinunua nje.

Asubuhi kabla hajatoka zamu sista alirudi akamwambia dalili za kurudi nazo haraka, homa, uchafu wenye harufu, damu ya kulowesha pedi 2 kwa saa moja, na kwamba aweza kushika mimba tena hata wiki 2 hazijaisha, kama hataki kwa sasa njia za uzazi wa mpango zipo palepale.

Mpaka leo sijamuuliza kama ilitoka yenyewe au alimeza kitu, dalili ni zilezile na akitaka kuniambia mimi ni dadake, nipo. Imani yangu iko palepale ilipokuwa, ila usiku ule nilikuwa nataka mdogo wangu aishi tu, na nikaona namshukuru Mungu kwa mtu ambaye hakumuuliza.

Mkipatwa na hili nendeni moja kwa moja upande wa dharura, mbebe leso mbili na pedi, na msisubiri kuche. Na mkimkuta sista wa sweta ya kijani mwambieni yule binti wa kitanda cha 9 sasa anakula vizuri.