Uzoefu wangu: Toyota Wish kutoka rimu za 17 kurudi za 15, njia ya Nakuru hadi Kisumu

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa barabara zetu, Wish yenye matairi ya 195/65R15 na upepo wa PSI 33 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo) ni laini kuliko Wish hiyohiyo ikivalishwa 215/45R17, na hakuna shokamzoba mpya itakayoziba pengo hilo. Nimezitumia saizi zote mbili kwenye gari moja, springi zilezile, bushi (mipira ya viungio vya chini ya gari) zilezile, njia ileile: Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, Kisumu. Kilichobadilika ni rimu, tairi na upepo tu.

Namba za ubavuni zinaeleza karibu kila kitu. 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127 za ubavu. Asilimia 45 ya 215 ni kama milimita 97. Ukihamia 17 umepoteza milimita 30 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. Gurudumu zima halikupungua sana, milimita 634 kwa 625, kwa hiyo gari likiegeshwa macho hayaoni hasara yoyote, ila limeshuka karibu milimita 5 na spidomita inaonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ule wa kweli.

Upepo ulio ndani ya tairi ndio springi ya kwanza ya gari. Kokoto, kiraka cha lami, ukingo wa shimo, vyote hupokewa na ubavu kabla springi ya chuma haijaguswa. Ubavu mrefu hujikunja na kulimeza pigo. Ubavu mfupi hauna pa kujikunjia, hivyo pigo linapita kwenye rimu, linaingia kwenye bushi, kisha usukani na kiti. Halafu kuna uzito: rimu ya 17 pamoja na tairi lake kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito huo uko chini ya springi. Gurudumu zito likirushwa na shimo huchelewa kutulia, na shokamzoba ndiyo inayolipa.

Watu wengi hupima ulaini kwenye tuta kubwa, na hapo hukosea. Kwenye matuta makubwa ya Salgaa, ukipita polepole, tofauti ya 15 na 17 ni ndogo kwa sababu kazi pale inafanywa na springi na shokamzoba. Tofauti utaisikia kwenye vitu vidogo vinavyokuja haraka: matuta madogo ya mfululizo kabla ya vituo, viraka vilivyopachikwa juu ya viraka, na barabara ya changarawe iliyojipanga mawimbi. Pale 17 hutetemesha dashibodi na kuumiza mgongo wa abiria wa kiti cha mwisho. 15 hunguruma tu.

17 ina sifa yake. Kwenye kona za Sachangwan gari linafuata usukani papo hapo, na mwili hauyumbi. Anayeendesha peke yake kwenye lami nzuri anaweza kuipenda kwa haki. Anayebeba familia ya watu saba hadi Kisumu, simshauri.

Sasa upepo, maana saizi nzuri huharibiwa na pampu. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko. Magari ya Japani huandika kwa kPa (kilopaskali): 230 kPa ni PSI 33, na 220 ni PSI 32. Geji ikisoma kwa bar, 2.3 ndiyo hiyohiyo 33. Fuata kibandiko cha gari lako. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe na haikuandikiwa gari lako. Ukimwambia kijana wa kituo cha mafuta "jaza" bila kutaja namba, usishangae kukuta 40.

Kwa 195/65R15, PSI 40 hulifanya tairi liwe kama mpira wa kikapu: gari linaruka kwenye viraka, breki kwenye changarawe zinateleza mapema, na meno yanalika katikati. PSI 33 ndipo mahali pake. PSI 28 ni laini mno kwa dakika kumi za kwanza, kisha gharama inaonekana: usukani mzito, mwili unachelewa kwenye kona, kingo zote mbili za tairi zinalika, na ubavu unaojikunja kupita kiasi unachemka kwenye mwendo mrefu. Tairi huanza kupasukia hapo. Kwa changarawe ndefu, kwa mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa na bila mzigo mkubwa, kushusha PSI 3 au 4 kunasaidia, mradi uzirudishe kabla ya kugusa lami.

Kwenye 17 huna hata hiyo nafasi. Tairi la 215/45R17 lenye alama ya mzigo 87 hubeba kilo 545 likiwa na upepo wake kamili. Lile la 195/65R15 lenye alama ya mzigo 91 hubeba kilo 615. Ukipunguza upepo wa 17 ili kutafuta ulaini, rimu inabana ubavu kwenye ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe pembeni. Tairi lenye uvimbe halizibwi, linatupwa.

Pima asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi lililotoka kwenye mwendo husoma PSI 3 hadi 5 zaidi, na kulipunguza wakati huo ni kujiibia. Nunua geji yako, kwa sababu geji za vituo hazipatani. Joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka karibu PSI 2. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu kama mita 1,130. Mteremko huo peke yake hupunguza usomaji wa geji kwa takriban PSI 1, ila joto la ziwani huirudisha. Kwa hiyo ukifika Kisumu usishike pampu. Pima kesho yake alfajiri.

Ukirudi kwenye 15, kagua mambo haya kwa fundi. Wish hutumia nati 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Rimu za dukani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi, basi weka pete ya katikati inayojaza nafasi hiyo, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu). Rimu asili za aloi za Toyota zina nati za washa bapa, na rimu nyingi nyingine zina nati za koni. Kuchanganya hizo ni hatari, kwani nati haikai na gurudumu hulegea. Kaza kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kama gari lako lilitoka kiwandani na breki kubwa, jaribu rimu moja kwanza uone kama inapita kalipa (kishikio cha pedi za breki) bila kugusa.

Tairi la mtumba lisome tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zaidi ya miaka sita huwa mgumu hata kama meno yamejaa, na utalaumu shokamzoba bure. Mtetemo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa ukiusikia kwenye usukani, anza na balansi ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, anza na ya nyuma. Tairi linalolika upande mmoja tu linaomba alainimenti (kurekebisha pembe za magurudumu), na lenye mabonde mabonde kwenye meno ndilo linaloshtaki shokamzoba kweli.

Usisahau la akiba. Likiwa lile jembamba la muda, upepo wake ni PSI 60, si 33, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Lipime kila mwezi unapopima haya manne.