Reli ya stenlesi toka hadwea moja mjini Malindi, nyota 2

Nyumba yetu iko Shela, bahari unaisikia ukiwa kitandani, na reli ya ngazi niliinunua hadwea moja hapa mjini, jina sitaji. Muuzaji aliniapia haishiki kutu hata uitie majini. Kusi moja tu ikapita. Kule juu inakopigwa na mvua bado inang'aa, lakini chini ya ngazi, kivulini, imejaa madoa rangi ya chai na pale palipochomelewa kuna vishimo kama vya ncha ya sindano, ukucha unanasa. Fundi akaniambia, "Mama, hapa chumvi imelala, haioshwi na kitu."

Imeniuma zaidi kwa sababu tangu waliposema mtambo wa nyuklia ungejengwa Uyombo, hapa pwani ya Kilifi, nimekuwa nasoma mabaki ya fueli yake huwekwa wapi. Yanapozwa majini miaka kadhaa, halafu baadhi ya nchi, hasa Marekani, wanayatia kwenye mitungi ya stenlesi iliyochomelewa, ndani wanajaza gesi ya heli, nje zege lenye matundu ya hewa. Yaani stenlesi kivulini, mvua haifiki, na upepo wa bahari unapita! Kule San Onofre, California, mitungi 123 iko kando ya Pasifiki mpaka leo na mtambo ulifungwa 2013. Mimi nilidhani hatari ni mtungi ukiwa moto, kumbe ukiwa moto chumvi inabaki kavu, haina neno, ni miaka ikienda joto likishuka ndio inanyonya unyevu wa hewa inageuka maji, vinaanza vishimo kama vyangu pale pa kuchomelewa, na kwenye vishimo ndiko ufa unakoanzia. Na huo ufa ukitoboa mpaka ndani, hewa ikaingia fueli ikiwa bado na joto, urani, ndiyo fueli yenyewe, inashika oksijeni zaidi inavimba, inapasua mirija ya metali ya zirkoni inayoishikilia, ambayo yenyewe imeshanyonya haidrojeni na ikipoa inaweza kuwa kavu kama kijiti.

Nilirudi dukani kuuliza gredi, hakuna aliyejua, mpaka mzee mmoja akatoa karatasi ya mzigo: 304. Kwa pwani ulizeni 316, ina molibdeni, inavumilia chumvi zaidi ingawa nayo haijakingika kabisa. Nyota 2 ni za huyo mzee, alituma kijana kuja kuisugua bure. Sasa kila Ijumaa naiosha kwa maji baridi ya kisima chetu kisicho na chumvi, hasa kule chini ya ngazi.