TAHADHARI: Ukienda kufungiwa mziki wa gari, usikubali kutumwa kunywa chai

Wakuu, salaam. Haya naandika hasira zikiwa zimeshapoa. Ningeandika wiki mbili zilizopita ningetukana watu.

Gari yangu ni Premio ya 2012, nimeitoa bandarini na redio yake ya kiwandani. Mwezi wa tatu betri ilikufa nikaweka mpya. Wenye gari zilizotoka Japani mnajua kinachofuata: kioo cha redio kikajaa maandishi ya Kijapani, kinadai kadi ya SD ya ramani. Bila kadi hiyo hakuna redio wala Bluetooth, unabaki na saa tu. Nyingi za redio hizi zimefungwa kwa namba ya siri, umeme ukikatika zinajifunga. Na hata ikiwa nzima masafa yake ni ya kwao, megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hiyo nikasema potelea mbali, nibadilishe mziki wote.

Nikamwona jamaa Instagram. Wafuasi wengi, video za dashibodi zinang'aa, taa za bluu, besi inatikisa kioo cha nyuma. Tangazo: fulu paketi 950,000, kufunga bure. Redio ya Android inchi 9 yenye RAM 8 na memori 128, amplifaya ya chaneli nne "wati 4000", spika nne za mlangoni za jina kubwa la Kijapani, na sabufa ya chini ya kiti. Niliuliza bei ya spika hizo peke yake kwenye duka moja la maana, zinakaribia nusu ya hela ile. Hapo akili ilitakiwa igonge kengele. Haikugonga, nilikuwa nasikia besi tu.

Nikaelekezwa Kariakoo, kwenye fremu ambayo mbele wanauza kava za viti. Kaka mmoja mchangamfu, "karibu boss, karibu kaka mkubwa", akanionyesha maboksi. Maboksi yalikuwa safi, yana stika za kung'aa na namba zake. Nikalipa. Jina lililotokea kwenye simu halikufanana na la ukurasa, akasema ni namba ya shemeji yake, ya kwake ina tatizo la mtandao. Nikalipa hivyo hivyo. Risiti nikaandikiwa kwenye kijitabu cha dukani, "vifaa vya gari, 950,000", basi. Kila siku tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, mimi nikaona aibu kumdai mtu mchangamfu namna ile.

Kisha akaniambia: "Boss, vijana watachukua masaa mawili, jua kali, nenda pale kwa mama kanywe chai." Nikaenda. Hapa ndipo nilipoibiwa, wakuu. Maboksi niliyoonyeshwa na vitu vilivyoingia kwenye gari yangu havikuwa na undugu wowote.

Niliporudi kila kitu kinawaka. Mziki unalia, na kwa sikio langu la siku ile ulilia vizuri. Kijana akasema redio yangu ya zamani imekufa kabisa, haina kazi, lakini kwa kunihurumia atanirudishia 30,000 abaki nayo. Spika za kiwandani je? "Hizo makaratasi tu boss, tunatupa." Nikamwambia tupa. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Siku ya tisa asubuhi gari haiwaki. Nikashtua betri, nikaenda kazini, kesho yake tena. Betri ina miezi miwili! Wiki iliyofuata nikiwa foleni ya Ubungo nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, inatoka chini ya zulia upande wa abiria. Nikazima, nikafungua boneti, nikang'oa kichwa cha betri kwa mkono huku bodaboda wananipigia honi.

Nikampelekea mzee mmoja fundi umeme wa magari, wa Kinondoni, ambaye ningemwendea tangu mwanzo ila yeye hana Instagram. Alipochomoa redio alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyu aliyekufungia hakuwa na soketi, alikuwa na wembe."

Toyota nyuma ya redio zina soketi mbili, moja ya pini kumi na nyingine ya sita. Zipo soketi za kuunganishia ambazo zinachomekwa bila kukata hata waya mmoja, na bei yake ni ndogo. Vijana walizikata zote mbili, wakasokota waya kwa vidole na kuzungushia solotepu. Tena waya wa umeme wa kudumu, ule unaotunza kumbukumbu, wameuunga pamoja na ule unaopaswa kuja ukiwasha swichi. Maana yake redio haikuwa inalala. Kioo kinazima, ndani iko macho usiku kucha inanyonya betri.

Waya mkubwa wa amplifaya ulikuwa unene wa kidole, mwekundu, unavutia. Mzee akaukwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene ule ule alumini inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na hapa hata huo unene ulikuwa ni plastiki tupu, nyuzi zenyewe chache katikati. Na kutoka kwenye betri haukuwa na fyuzi hata moja! Fyuzi ya waya ule inatakiwa iwe karibu kabisa na betri, isizidi kama sentimita 45, ili waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ife kabla gari haijawaka moto. Wa kwangu ulipita kwenye tundu la chuma bila mpira wa kuukinga na ulikuwa umeshaanza kuchubuka. Mimi nina bima ndogo, kama wengi wenu. Gari ingeungua pale Ubungo nisingelipwa hata shilingi.

Sasa hizo wati 4000. Mzee alinifundisha hesabu ambayo ningejua mapema nisingeliwa. Angalia fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya yenyewe. Ya kwangu ina mbili za ampia 20, jumla 40. Zidisha kwa volti 14 za gari inayowaka: 560. Hizo ndizo wati zote inazoweza kula bila kuua fyuzi, na kwa amplifaya za kawaida kinachofika kwenye spika ni zaidi kidogo ya nusu yake, kingine kinageuka joto. Yaani tuseme 300 na ushee, kwa spika zote nne. Ili ile ya kwangu itoe wati 4000 kweli, ingehitaji ampia zaidi ya 285, na alteneta ya gari ndogo kama hii inatoa 80 hadi 100 hivi. Kwa hiyo muuzaji akikutajia wati, muulize RMS, yaani wati inazotoa mfululizo bila kuchoka, ni ngapi. Akianza kucheka au kusema "boss wewe sikiliza tu mziki", ondoka.

Spika za "Kijapani" zilipotolewa mlangoni zilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki. Nyuma kuna kofia kubwa ya mpira inayofanana na sumaku. Ukiivua unakuta kisumaku kama kifuniko cha soda. Kwa hiyo nilitupa "makaratasi" ya Toyota nikaweka takataka. Mzee anasema spika nyingi za kiwandani zikipata redio nzuri na mlango ukizibwa vizuri matundu yake zinalia kuliko feki zote za mjini, na mimi nimeshamwamini.

Redio nayo. Ukurasa wake wa mipangilio uliandika Android 13, RAM 8, memori 128. Maandishi hayo yanaweza kuandikwa na kiwanda chochote, hayathibitishi kitu. Kijana wa mzee aliweka CPU-Z, programu ya kukagua vifaa vya ndani, kutoka Play Store, ikasoma API (namba ya toleo) 27, ambayo ni Android 8.1 (Android 13 ni API 33). RAM ikasoma gigabaiti 1 na kidogo. Zipo redio zinazodanganya hata programu hizo, lakini memori hazidanganyi ukizijaza: tulianza kunakili filamu kutoka kwenye flashi, zilipofika kama gigabaiti 11 ikagoma. Hilo jaribio unaweza kulifanya pale pale dukani kabla hujatoa hela, na muuzaji wa kweli hatanuna.

Nilimrudia jamaa. Mwanzo "pole kaka mkubwa, leta gari". Nilipomtumia picha za waya akasema waranti imekufa kwa sababu nimeruhusu fundi mwingine afungue. Nikamwomba anirudishie walau redio yangu ya zamani. Kimya, kisha nikablokiwa.

Jirani yangu akafungua ukurasa ule kwa simu yake, na hapo ndipo nilikaa chini. Siku nne tu baada ya kunifungia, wametangaza "redio orijino ya Premio, imefunguliwa, Kiingereza, 250,000". Pembeni mwa kitufe cha sauti kuna mkwaruzo wa herufi V. Mkwaruzo huo aliuchora mwanangu kwa ufunguo. Redio iliyokufa kabisa ilikuwa inadai kadi na namba tu, na wao wanazo.

Kwa mzee nimelipa 180,000: soketi zote upya, waya wa shaba, fyuzi ya betri, na amplifaya tumeing'oa. Alifanya kazi mimi nimekaa kwenye kigoda pembeni, na kila kilichotoka kwenye gari alikiweka kwenye mfuko akanikabidhi. Ile feki ya Android nimeiacha kwa sasa, angalau inasoma flashi. Polisi nimechukua RB. Malalamiko ya bidhaa bandia nimeandika kwa Tume ya Ushindani, FCC, na vitu vilivyong'olewa viko kwenye boksi kama ushahidi. Ila kwa risiti ya kijitabu na hela iliyoenda kwa "shemeji", hata afisa aliyenisikiliza alitikisa kichwa.

Ukurasa sitautaja jina, nimeshauriwa nisubiri suala liende. Utautambua kwa tangazo lao jipya la wiki hii: Premio ya rangi ya fedha, namba zimefunikwa kwa stika ya moto, fulu paketi 950,000, taa za bluu, besi inatikisa kioo. Kwenye kioo cha ndani inaning'inia tasbihi ya kahawia yenye shada la kijani. Hiyo tasbihi ni ya mama yangu.